Mifuko Miwili ya Mbegu Kutoka Mto wa Mbu

Tangu nirudi, kila anayekuja kununua vitumbua ananiuliza jambo lile lile: "Mwajuma, ulipotelea wapi wiki tatu?" Nikianza kueleza, mafuta yanaungua. Nikinyamaza, mnasema naringa. Basi nimeketi nikaandika yote, na asiyejua kusoma asomewe na mwenziwe, mimi niachwe nipike.

Wengine mmeambiwa nilikwenda kwa shangazi kutembea. Nani anatembea kipindi kile, mvua iko mlangoni? Nilikwenda kutafuta mbegu ya mpunga. Mama yangu analima majaruba yake bondeni, chini ya Tengeru, tangu mimi sijazaliwa. Mwaka juzi jua liliwaka mpaka mfereji ukakauka, akavuna mapepe matupu, na kile kidogo chenye punje tulikila, mbegu humo humo. Mwaka jana akapanda mbegu ya kuombaomba, konzi kwa huyu, konzi kwa yule. Ikaota vizuri, halafu masika yakaja kwa kishindo, maji yakasimama shambani siku tisa, yote ikaoza.

Mwaka huu hakuwa na hata punje. Na bondeni kule wazee wa mfereji wana sheria yao: usipokuwa na kitalu kilichokwisha kumwagwa mbegu kabla ya zamu za maji kugawanywa, huna zamu, na jaruba lako anapewa mwenye mbegu. Sheria hiyo si ya Boma wala ya Mwingereza, ni ya wenyewe kwa wenyewe, na Mama aliwahi kuisifu ilipomwangukia mwingine. Safari hii ilimwelekea yeye. Mtu pekee aliyebaki na mbegu yetu ya zamani ni Shangazi Tatu, dada wa marehemu baba, aliyehamia Mto wa Mbu na mfuko wake kichwani nikiwa mtoto. Mimi ndiye mwana pekee wa Mama. Nikafunga kibanda, nikaenda.

Arusha hadi Kisongo

Tulipanda lori la mizigo asubuhi, mimi nikiwa juu ya magunia ya chumvi pamoja na abiria wengine sita na mbuzi mmoja. Dereva aliitwa Athumani, mtu wa Kondoa, mnene, mpole, mwenye tabia ya kusimamisha gari kila anapomwona mtu anayemfahamu. Na alifahamu watu wote. Kabla hatujatoka mjini tulikuwa tumesimama mara nne, mara moja kwa ajili ya kuuliza hali ya jino la mtu.

Pale Kisongo sipilingi ya gari ikakatika. Athumani akashuka, akaitazama, akarudi kuketi kwenye kivuli cha gari, akaomba chai.

"Kaka Athumani," nikamwambia, "mimi nina haraka."

"Dada Mwajuma, hata gari lilikuwa na haraka. Ndiyo maana likavunjika."

Nilitamani kumpiga na kandambili. Tulilala Kisongo, tukashinda Kisongo, tukalala tena, mpaka sipilingi nyingine ilipoletwa kutoka mjini juu ya baiskeli. Chakula kilikuwa maziwa ya mgando kwenye kibuyu kutoka kwa mama mmoja wa Kimaasai. Yeye hajui Kiswahili, mimi sijui Kimaa. Aliniangalia nikinywa, akaniongeza, akaniangalia, akaniongeza. Nilidhani ananikirimu. Kumbe, Athumani akaniambia baadaye, nilikuwa namrudishia kibuyu kwa mkono ulioinuka kama mtu anayeomba tena. Nililala tumbo likinguruma mpaka alfajiri.

Nchi yote kuanzia hapo ilikuwa kavu, jamani. Ng'ombe mbavu nje, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimwuliza Athumani kama mvua itakuja. Akasema itakuja tu, tatizo ni kwamba siku hizi haiji kwa kipimo.

Mto wa Mbu

Ukitoka kwenye vumbi la Makuyuni ukaingia Mto wa Mbu, unadhani umefika nchi nyingine. Maji yanatoka chini ya ukuta wa bonde, migomba imesimama, na mbu ndio hao, hawakudanganya kwenye jina. Shangazi Tatu nilimkuta shambani, sketi ameikunja kiunoni, matope mpaka magotini. Nywele zote nyeupe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Mbegu ndiyo imekufa."

Kisha akaosha mikono, akanipeleka nyumbani, akanipakulia chakula. Wali kwa samaki wa kambale na majani ya kunde. Tangu mwaka juzi nilikuwa sijala wali wa mpunga wetu, kwa sababu vitumbua vyangu, mnisamehe, ni vya mchele wa dukani.

Kesho yake akanionyesha namna anavyochukua mbegu, na hapa nataka msome polepole. Sisi kwa Mama, siku ya kuvuna, tunakwenda moja kwa moja kwenye kona ya mfereji, pale maji yanapoingia, tunachagua masuke manene kuliko yote, tunasema hii ndiyo mbegu. Shangazi hata haangalii upande huo. Anakwenda kwenye ukingo wa juu, pale maji yalipokoma mapema na mpunga mwingi ukanyauka, anatafuta shina lililozaa hivyo hivyo. Suke fupi, punje chache, lakini zimejaa. Anakata, anaweka kwenye mfuko mmoja. Kisha anashuka kwenye bonde dogo la chini, pale maji yaliposimama yakaozesha wenzake, anatafuta lililobaki na shingo juu ya maji. Analiweka kwenye mfuko wa pili. Haichanganyi.

"Lakini Shangazi," nikasema, "hizi ni mbaya kwa sura."

"Mbaya kwa nani? Mwenzako amekaa kwenye maji siku nane na bado amezaa. Wewe ungeweza?"

Nikamwuliza alianza lini kufanya hivyo. Akaniambia alianza baada ya mwaka wa pili wa kufika pale, mvua za vuli zilipokosekana kabisa. Hatujazoea kuliona jambo hili, akasema, kwa sababu tunahesabu mwaka mmoja mmoja. Jua likikausha shamba mwaka huu, watu wanalia mwaka huu, mvua ikinyesha wanacheka. Lakini mwaka huo wa jua ndio uliokula mbegu nzuri. Mwaka unaofuata unapanda takataka. Mafuriko yakija yanaikuta ile takataka, haina nguvu, inakwisha. Maji yanaleta mchanga, mchanga unaziba mfereji, watu wanagombania zamu, wenye nguvu wanachukua, wengine wanahama. Miaka mitano imepita, na ukiuliza chanzo, hakuna anayekumbuka tena lile jua.

"Ndivyo nilivyohama mimi," akasema. "Baba yako alisema nina kiherehere."

Nilikuwa nimekuja na hasira juu ya Mama, nikidhani amezembea, mtu mzima mzima hana hata kibaba cha mbegu. Pale kizingitini kwa Shangazi nikaona haya. Mama hakuzembea. Alinilisha mbegu ile mimi, nilipokwenda kwake mwaka juzi na homa.

Siku ya kuondoka akanifungia mifuko miwili ya nguo ya marekani, kila mmoja nusu debe na ushei. Wa ukingo wa juu akaufunga kwa kamba ya katani, wa bonde kwa kitambaa cha kanga. "Mwambie mama yako apande yote miwili, kila mmoja mahali pake. Asichague, hakuna anayejua mwaka utakavyokuwa."

Kurudi kupitia Makuyuni

Mvua ilitukuta Makuyuni. Na ilivyokuja, lo! Asubuhi vumbi, adhuhuri barabara inateleza kama sabuni. Wakati ule mvua ikinyesha, barabara ya udongo inafungwa kwa mti uliolazwa katikati, na askari anakaa hapo mpaka ikauke. Magari matano yalikuwa yamepanga foleni. Athumani yule yule akanisalimu kwa furaha.

Tulikaa siku nne. Nilikuwa nahesabu siku kwa vidole, na Mzee Kiondo, msimamizi wa mfereji wa kule kwetu, nilimwona mbele ya macho yangu akipita kwa Mama na fimbo yake. Mifuko yangu niliilaza ndani ya chumba cha dereva, chini ya kiti, mimi nikalala nje chini ya turubai. Watu walinicheka. Bwana mmoja akaniuliza nimebeba dhahabu gani. Nikamwambia nimebeba mama yangu. Hakunielewa, na mimi sikuwa na hamu ya kumweleza.

Siku ya tano mti ukaondolewa. Tukasukuma lori mara tatu kabla ya Kisongo, wanawake kwa wanaume, na tukaingia Arusha tukiwa rangi moja wote. Sikupita hata nyumbani.

Mlimani, juu ya Tengeru

Nililala garini, na asubuhi nikaanza kwa miguu na mifuko yangu, mmoja kichwani, mmoja mgongoni. Mto Nduruma ulikuwa umefunika barabara, maji ya kahawia, magogo yanapita. Watu wa pale wakaniambia panda juu, kule mto ni mwembamba, utavukia kwenye mawe. Nikapanda, saa tatu nzima, kupitia migomba na mibuni, mvua ikinipiga usoni.

Kwenye mawe niliteleza. Sikuzama mwili mzima, nilizama mpaka kifuani, na mfuko wa mgongoni, ule wa kitambaa cha kanga, ukanywa maji. Aliyenivuta alikuwa mama mmoja wa Kimeru aliyekuwa akirudi kwake na mzigo wa kuni. Aliitwa Mama Elirehema. Hakuniuliza mimi ni nani, alichukua mfuko wangu mkavu akauweka juu ya kuni zake, akasema, "Twende, utakufa kwa baridi."

Nyumbani kwao kulikuwa na shughuli. Binti yake, Elirehema, alikuwa apate kipaimara Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Shemeji na majirani walikuwa wamejaa jikoni. Walinipa nguo kavu, wakanipa machalari ya moto, zile ndizi zao za kuchemsha. Baba mwenye nyumba alipogundua mimi ni Mwislamu, akatuma watu wateremke sokoni Tengeru wamwombe mzee mmoja wa Kiislamu apande kuja kuchinja mbuzi, ili mgeni naye ale nyama. Kwa mvua ile! Nilikataa, wakasema hilo halinihusu, na yule mzee akafika kabla ya usiku.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Jumamosi asubuhi niliufungua mfuko uliolowa uani, mvua ilikuwa imepumzika, nikamwambia Mama Elirehema, "Nisaidie kuukausha mpunga huu, mimi nakwenda kuangalia kama njia ya kuteremka inapitika." Akasema vyema. Nikaenda. Njia ilikuwa imekatwa na maji ya usiku mahali pawili, nikazunguka nikitafuta pengine, na niliporudi jua lilikuwa utosini.

Nilisikia vinu kutoka mbali. Nikafurahi, nikadhani wanatwanga mahindi.

Wanawake watatu walikuwa wakitwanga kwa zamu wakiimba, mmoja anapepeta kwenye ungo, na mchele ulikuwa mweupe kwenye sinia. Mama Elirehema aliponiona akanyanyua mikono. "Dada! Zawadi yako imetuokoa. Mchele tulionunua ulikuwa hautoshi. Umevunjikavunjika kidogo kwa unyevu, lakini utaiva."

Nikaketi pale pale kwenye matope.

"Ile ni mbegu," nikasema. Kisha nikapiga kelele, "Ile ni mbegu! Mbegu ya mama yangu!"

Michi ikasimama. Mama Elirehema akautazama ungo, akanitazama mimi. "Mungu wangu. Mpunga... ndio huu huu unaopandwa?"

Msimcheke. Kule mlimani ndizi inapandwa chipukizi, kahawa inapandwa mche, na mpunga ni kitu cha dukani cha siku ya sikukuu. Akanieleza: kwao mgeni akifika siku za sherehe na mzigo, haulizwi amebeba nini, ni aibu kumwuliza. Akiufungua mwenyewe uani, ametoa. Na mpunga unaukausha kwa nini kama si kuutwanga? Kila alichofanya kilikuwa heshima.

Nililia, sitaficha. Naye alilia. Zilibaki punje za kujaza viganja viwili, zilizokuwa zimemwagika chini ya mkeka, akaziokota mwenyewe moja moja mpaka jioni, hakutaka kusaidiwa.

Jumapili kengele ikalia, binti akatoka na gauni jeupe, akarudi na Biblia mpya mkononi. Wali ukapakuliwa. Wote walikuwa wakinitazama kwa pembe ya jicho, hakuna aliyethubutu kutia mkono kabla yangu. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na njaa, na Elirehema alikuwa mtoto asiye na kosa. Nikasema Bismillahi, nikala. Wallahi, sijawahi kula wali wa namna ile. Harufu yake peke yake ilitosha kuwa mboga.

Bondeni

Jumatatu njia ikapitika, Mama Elirehema akanisindikiza mpaka chini, mfuko mkavu kichwani mwake, hakunipa hata nikimwomba. Alitaka kumwomba Mama radhi kwa mdomo wake. Mvua ilikuwa imerudi.

Mama alikuwa mlangoni. Alimpokea mgeni, akamsikiliza mpaka mwisho, akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Wewe huna kosa, mwenzangu. Umemvua mwanangu majini." Kisha akanigeukia mimi.

"Mfuko ulilowa?"

"Ulilowa, Mama."

"Sisi mbegu kabla ya kuimwaga kitaluni tunaifanya nini?"

Tunailoweka. Siku mbili kwenye maji, kisha tunaifunika iatamie mpaka itoe vijino. Nimelifanya jambo hilo tangu nikiwa na miaka sita. Ningeuacha mfuko vile vile ulivyolowa, ningeufunika tu kwa majani ya mgomba, ungefika umeshaanza kuota. Mimi nikauanika. Miaka kumi ya kukaanga vitumbua mjini imenifanya niuone mpunga kuwa mchele uliovaa nguo.

"Nimesahau, Mama."

"Naona." Ningependa angenitukana.

Tuliloweka siku ile ile, Alhamisi tukamwaga kitalu, mvua ikitunyeshea: mbegu ya ukingo wa juu yote, na pembeni zile punje za viganja viwili. Mbegu ya jua kali ndiyo tuliyoipanda, na mbingu zimefunguka. Mzee Kiondo akafika Ijumaa, fimbo mkononi, akasimama akakitazama kitalu muda mrefu. Tukamwamkia, akaitikia. Si mtu mbaya. Lakini alijua kusoma kitalu vizuri.

"Bi Zaina," akamwambia Mama, "hiki kinatosha nusu. Ile nusu ya juu ni yako, na zamu ya maji utapewa. Ya chini, pale maji yanaposimama, una nini cha kupanda?"

Mama akamwonyesha zile punje za pembeni.

"Hizo ni hatua tatu," akasema yule mzee.

"Basi niachie hatua tatu."

Akamwachia. Iliyobaki ya chini akapewa jirani mwenye mbegu, na Mama akamwonyesha mwenyewe mahali mfereji unapovuja. Miaka thelathini Mama amelima pale. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, sikuweza kutazama.

Ni asubuhi yake, tunanywa uji wa mahindi, mvua bado inapiga bati, ndipo Mama aliponiuliza, bila kuniangalia, "Ule wali. Ulikuwaje?"

Nilitaka kudanganya. Nilitaka kumwambia ulikuwa umevunjika, umeungua, hauna ladha. Lakini yeye ndiye aliyeupika mpunga ule tangu usichana wake, angenijua.

"Ulikuwa mtamu, Mama. Mtamu mno."

Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kukoroga uji ambao ulishapoa. "Haya," akasema. "Usinitajie tena mpaka tuvune."